Kikapu Kimoja kwa Kitabu cha Pili

Phanice alimchukia Nelvine kwa roho yake yote, lakini kitabu kilikuwa cha Nelvine, na mwenye nacho ndiye husema. Kile cha kwanza darasa zima lilikisoma mpaka jalada likatoka. Kiliishia msichana mwenye uchawi akiwa kisimani, maji yamemfika shingoni, na tangu siku hiyo Phanice hakutulia. Cha pili baba yake Nelvine alikileta kutoka Nairobi. Uzunguke Litein yote, hupati kingine.

"Nichumie chai yangu ya Jumamosi, kikapu kijae," Nelvine alisema. "Nitakuazima wiki moja."

Basi Phanice akachuma, majani mawili na chipukizi, mvua ikimpiga mgongoni. Nelvine alikaa kando ya shamba chini ya mwavuli, akifunua kurasa polepole, makusudi kabisa. Kikapu kilipofika nusu akasema, bila kuulizwa, "Kwanza huyo msichana anakufa. Sura ya tatu tu. Lakini wewe soma, si ulikitaka?" Halafu akacheka.

Maneno hayo yalimkata Phanice maini. Alichuma majani makuukuu, yale magumu ambayo hata mbuzi hayali, akayasukuma chini kabisa ya kikapu, na yale laini akayaacha juu.

Kwenye kituo cha kupimia chai, karani alimwaga kikapu mezani, akapekua, akayakataa yote mbele ya majirani. Janeffer, mama yake Nelvine, aliyekuwa amekileta kikapu, alimshika binti yake mkono wakarudi nyumbani. Phanice aliwafuata nyuma. Bado alikuwa anakidai kitabu chake.

"Nilituma nani shambani?" Janeffer alimwuliza binti yake mlangoni.

"Mimi."

"Na ni nani amechuma?"

Nelvine akakibana kitabu kwapani. Phanice alifurahi, tusidanganyane. Alifurahi mpaka alipomwona Janeffer akikinyakua, akaingia nacho jikoni na kukisukuma motoni, chini ya sufuria ya ugali. Phanice alisimama pale akitazama karatasi zikijikunja.

Nelvine alimgeukia, macho mekundu.

"Najua ni wewe. Sasa sikia. Mimi nilikimaliza mara mbili. Yule msichana hafi, nilikudanganya. Anatoka kisimani, na vile anatoka, hata ukae mwaka mzima huwezi kufikiria."

Chuki yote ilikuwa palepale, haijapungua hata kidogo, lakini Phanice alijisikia akiuliza kwa sauti ya kuombaomba, "Anatokaje?"

Nelvine akaingia ndani, akafunga mlango.