Vuta Pumzi, Sista

...na huo mkoromo ulikuwa wangu, hakuna wa kumsingizia, mimi daktari mkuu wa hospitali hii, niliyewakusanya wauguzi wa wodi ya watoto kwenye chumba chao nikawaambia wafumbe macho, wavute pumzi ndefu, ndani kwa pua, nje kwa mdomo, mbinu niliyopanda ndege mbili kuifuata, nikaketi niwaonyeshe mfano, nikafumba, nikavuta, nikalala fofofo, na sasa nimeamka ila kufumbua macho sithubutu, nasikia viatu vya mpira vinapita, trei ya dawa inagonga mlango... "Bwana Semina bado tu?" "Mwache, mwenzangu, kutupumzisha kumemchosha"... kumbe ndilo jina langu, Bwana Semina, si baya, lina hadhi kidogo... na hili shuka begani je, nani kanifunika, linanuka sabuni ya wodi, hakuna aliyenihutubia, wamenifunika wakarudi kazini, basi, nimezunguka kumbi za mikutano za nchi ngapi nikitafuta namna ya kuwatia watu nguvu na sikufunikwa hata siku moja... lakini wao hufunikwa na nani? Sista mkuu wa wodi, kwa mfano, aliyenijia asubuhi akasema zamu hii ikiisha anaacha kazi, jana mtoto wa kitanda cha dirishani alimfia mikononi, na kabla hajanawa akaitwa kitanda cha pili, nami nikamjibu nini, nikamjibu njoo kwenye pumzi, ee Mungu wangu, pumzi... nadhani ndiye huyu hapa karibu, kalamu inakwaruza, anaandika kwa kuegemea ukuta, mbona hakai, na jana, baada ya yule mtoto, alikaa wapi, alilia wapi, ajabu hii, vyumba vyote humu naviongoza na sijui watu wangu hulia katika kipi, labda niulize tu, kuuliza hakuhitaji pasipoti, na wodi niishike mwenyewe mpaka jioni, dripu bado najua kuweka, nadhani, mshipa wa mtoto ni mwembamba lakini mkono hausahau, akiondoka huyu wodi nzima itamfuata, na mimi nitabaki navuta pumzi peke yangu...

"Sista," nasema, macho nimeyafumba vilevile, "nikikushikia wodi sasa hivi upumzike, utapumzikia wapi?"

Viatu vya mpira vinanisogelea.

"Hapo ulipokaa, Daktari. Kiti ni hicho kimoja. Inuka."