Kabla Haijapoa

Kijiwe kizima pale stesheni tulijua pikipiki ya marehemu Sadalla inamkataa mjane wake, Mwanne. Habari ilitoka kwa shemeji yake, Nassib, na sisi tukaisambaza kama ya kwetu. Ilikuwa inamzimikia kila akipeleka dagaa Kabungu, jua kali, mzigo nyuma. Mpaka aikokote ifike kwa fundi Telesfori, kiki moja tu inawaka. Telesfori anafuta mikono, anasema mashine nzima hiyo, labda Mwanne ajifunze klachi. Tunacheka. Mwanne anaondoka bila kuaga.

Jumamosi Nassib akaja na mnunuzi, Kija, mfugaji wa Magamba. Ukoo umeshaamua, akasema. Chombo cha kaka hakiwezi kuozea kwa mtu asiyekiweza. Mwanne hakubishana. Akafunga dera kiunoni, akapanda, akaanza kuzunguka kijiwe. Akazunguka weee. Chai zetu zikapoa, watu wakatoka madukani, yeye bado anazunguka, vumbi lote letu. Nassib akamwambia Kija, unaona akili hizo.

Ndipo ikazima, mbele yetu kabisa. Nassib akapiga makofi. Telesfori akashauri iachwe ipumzike kwanza.

"Haipumziki," Mwanne akasema. "Kila siku mnaipima imeshapoa. Fungua plagi sasa hivi."

Telesfori akaifungua kwa kitambaa, anapuliza vidole, akairudishia waya wake na kuiegemeza kwenye injini. Kiki. Cheche hakuna. Kiki tena, hakuna. Mwanne akakichukua kile kitambaa, akakilowesha, akakikamua, akakikandamiza kwenye koili inayoipa plagi umeme, chini ya tangi, na kungoja. Kiki. Cheche ya bluu, sote tukaiona.

"Koili," Telesfori akasema kwa sauti ya chini. "Ikipata joto inakufa."

Akaenda kufungua nyingine kwenye pikipiki chakavu nyuma ya banda, akaifunga. Ikawaka na haikuzima tena.

Nassib akachangamka: kama imepona, basi iuzwe leo leo.

"Shemeji, ulisema inamkataa mwanamke. Sasa anayenikataa nani, pikipiki au wewe? Waambie ukoo waje wenyewe. Ufunguo sitoi."

Sisi wasambazaji tukainamia vikombe vyetu. Kija akajikuna kichwa, akamuuliza Mwanne kama atapita Magamba, maana yeye alitegemea kurudi na pikipiki. Akapanda nyuma, wakaondoka.

Nassib akabaki amesimama, na hakuna aliyemsogezea benchi.