Honi Iliyozimwa Mara Mbili

Mjomba wangu hanyamazi. Kazini wanamwita Redio, naye analipenda jina hilo kuliko cheo chake cha kapteni. Siku ile alikuwa na sababu ya ziada ya kuongea: mama yangu, mdogo wake wa tumbo moja, alikuwa kwenye kiti cha mbele kabisa cha abiria, amepanda ndege kwa mara ya kwanza maishani, amekumbatia mkoba kwa mikono miwili. Mimi, rubani wake msaidizi, nilikaa kulia kwake, na tangu tuondoke roho ilikuwa juu juu.

Ndege siiogopi. Nilimwogopa Redio aliyepata wasikilizaji.

Kabla ya kutua, mmoja wetu husoma orodha ya ukaguzi, mwingine hugusa kila kitu kwa mkono na kujibu. Mjomba ameisikia orodha hiyo tangu kabla sijazaliwa, kwa hiyo hujibu kabla hujauliza. "Tayari, tayari, tayari." Unabaki na karatasi mkononi kama mgeni aliyefika chakula kimekwisha. Huwa inanikera mpaka meno yananiuma.

Halafu kuna honi. Ukipunguza nguvu za injini wakati magurudumu bado yako juu, inalia. Kwenye safari yetu hii kuna vilima, na ukishavivuka lazima upunguze nguvu mapema ili ushuke haraka. Basi inalia kila safari, na kila rubani wa kampuni yetu hubonyeza kitufe kuizima, huku akizungumza mambo mengine.

Tulipovuka vilima ililia. Mjomba akabonyeza bila kutazama, akiendelea kuwasimulia abiria kwa kipaza sauti jinsi dada yake alivyokuwa akiogopa hata bembea.

"Kapteni, tusome," nikasema. Ndani ya chumba cha marubani amenikataza kumwita Mjomba.

"Soma. Nani kakuziba mdomo?"

"Mafuta."

"Tayari."

"Magurudumu."

Akapeleka mkono kwenye wenzo wa magurudumu, na hapo hapo mnara wa kuongozea ndege ukaita: kuna ndege mbele yenu, bado haijatoka kwenye njia ya kutua, punguzeni mwendo. Mimi nikanyoosha shingo kuitafuta. Mjomba akaujibu mnara, akapunguza mwendo, akasema huyo wa mbele labda amesimama kununua nyanya. Njia ilipokuwa wazi tukaruhusiwa kutua, naye akawasha tena kipaza sauti kumalizia hadithi ya bembea.

"Tuanze upya," nikasema alipomaliza.

"Tuanze nini? Yote tayari."

"Tulikatizwa katikati."

"Binti, nimekula chumvi nyingi kwenye kiti hiki. Tulia."

Nitulie vipi?  Akashusha vibawa vya nyuma ya mabawa, tayari kutua. Honi ikalia tena.

"Na hii nayo!" akasema, akabonyeza kitufe.

Ikanyamaza, na kimya kile kikanichoma. Vilima tulishaviacha mbali, sasa ilikuwa inalilia nini? Nikatazama taa tatu za kijani zinazowaka magurudumu yakishashuka. Hakuna hata moja iliyowaka.

"Magurudumu hayajashuka!"

"Nimeshusha mwenyewe."

Alisema kwa utulivu kabisa. Aliamini, na hilo ndilo lililonitisha. Nje niliziona nyasi za kando ya njia, jani moja moja.

"Nachukua mimi!"

Nikasukuma vishikio vya injini mpaka mwisho na kuvuta usukani. Kwa kitambo kidogo nilihisi mikono yake ikinipinga, kisha ikaachia. Ndege ikanguruma, ikainuka. Nyuma yetu mtu alipiga ukelele, na niliijua sauti ya mama yangu.

Tulizunguka uwanja. Mjomba alikuwa ameinamia zile taa zisizowaka.

"Soma," akasema mwishowe. "Kuanzia mwanzo."

Nikasoma. Aligusa kila kitu. Kwenye magurudumu alivuta wenzo, akangoja, na taa zilipowaka akaweka kidole juu ya moja, ya pili, ya tatu.  Tukatua.

Mama alikuwa wa kwanza kufika kwenye mlango wa kushukia, tulikosimama mimi na mjomba. "We kaka! Ndiyo nini kunirusha roho vile? Tumeshafika chini, unapanda tena! Ulikuwa unanionyesha ufundi?"

Abiria wakacheka. Mjomba angeweza kusingizia upepo, na sijui ningefanya nini.

"Sikushusha magurudumu," akasema. "Honi ililia, nikaizima. Mara mbili. Mwanao akaninyang'anya ndege, la sivyo tungebamiza tumbo chini."

Mama akacheka sana, akampiga begani. "Huachi utani wako wewe!"

Mjomba hakucheka. Mama akanigeukia mimi, nami sikucheka. Kicheko chake kikaisha polepole.

"Mimi nimo humu ndani," akamwambia kaka yake. "Ulijua nimo, ukaizima?"

"Nilijua," akasema. "Nilikuwa nakuhadithia wewe."

Mama akampita, akanishika mkono, na hakuuachia mpaka tulipoingia ndani ya jengo la uwanja.