Bandeji ya Paja

Mimi mikono yangu haitulii. Nikiona doa nafuta, nikisikia harufu naifuata mpaka niipate. Ndiyo maana nilimharibia binti yangu Winnie.

Uji wa moto ulikuwa umemuunguza shingo na kifua. Hospitalini Mwanza walimtoa ngozi nyembamba pajani, wakaibandika shingoni. Siku ya kuruhusiwa nesi alinionya: bandeji ya paja usiiguse hata ikinuka, itabanduka yenyewe paja likishapona. Nikaitikia vizuri kabisa.

Tulipofika nyumbani Sengerema, ikaanza kunuka. Mama mkwe aliziba pua kwa kanga, akasema mtoto anaoza. Alipokwenda shamba nikachemsha maji ya chumvi, nikailowesha bandeji, nikaivuta. Ikaja na ngozi changa yote iliyokuwa imeanza kuota. Winnie alilia mpaka sauti ikamkauka.

"Ukiulizwa, sema ilitoka yenyewe," nilimwambia.

Jioni alisema hivyo hivyo. Mama mkwe akaapa mbele yetu kwamba akija kujua kuna mtu aliigusa, mtu huyo atarudi kwao siku hiyo hiyo.

Paja lilitunga usaha wiki saba. Sasa ni mwaka na nusu, na pale pana kovu nene, gumu, linalomwasha hata akiwa darasani. Shingo nayo imejikunja, kidevu kimevutwa kifuani. Ana miaka tisa, na ili aone ubaoni lazima aegemee nyuma mwili mzima. Alihitaji upasuaji wa pili wa kuifungua shingo, na aliusubiri kuliko sikukuu yoyote.

Jumanne tukavuka kwa kivuko cha Kamanga kurudi hospitalini Mwanza, mimi, Winnie na mama mkwe. Daktari Mashimba alilitazama paja muda mrefu kuliko alivyoitazama shingo.

"Hapa palichelewa sana kupona. Kuna mtu aliiondoa bandeji?"

"Ilitoka yenyewe," Winnie alijibu upesi.

Daktari akaweka kalamu mezani. "Basi, mama, ni mwili wake ndio unaotengeneza makovu ya namna hii. Nikimkata tena nitamwongezea kovu juu ya kovu. Ingekuwa ilivutwa na uchafu ukaingia, ningejaribu kuchukua ngozi mgongoni. Kwa hali hii, hapana."

Mama mkwe alikuwa amekaa nyuma yangu, amepakata mkoba wa nguo za kulazwa.

"Niliivuta mimi, daktari," nikasema. "Kwa maji ya chumvi."

"Hapana!" Winnie akapaza sauti. "Mama anasema hivyo ili nipasuliwe tu. Ilitoka yenyewe!"

Daktari akanitazama, akamtazama na yeye. "Mama, wazazi wengi wakinyimwa upasuaji hukumbuka mambo mapya. Nimwamini nani?"

Nikapiga magoti sakafuni ili niuone uso wa mwanangu, kwa kuwa yeye hawezi kuuinua.

"Winnie, sema kweli. Nakuomba, mama yangu. Sema."

Machozi yalimtiririka yakaingia pale kidevu kinapogusa kifua.

"Nikisema," akanong'ona, "bibi atakufukuza."

Daktari akaichukua kalamu. Nyuma yangu nikasikia mama mkwe akisimama.

"Andika, daktari," alisema. "Mambo ya nyumbani tutayamalizia nyumbani."

Winnie akaikamata kanga yangu kwa mikono yote miwili, na hakuiachia.