Sekunde Nane za Mama

Lourdelyn Palmares alikuwa na masikio ya mbio. Kazi yake pale mjini Iloilo ilikuwa kuandika maneno ya simu zilizorekodiwa za kampuni za ng'ambo, na kwa miaka sita alizisikiliza kwa kasi maradufu, huku programu ikikata kila penye ukimya. Ukimya hauna cha kuandikwa.

Jumbe za sauti za mama yake nazo alizipitisha humo humo, saa ya chakula, yeye na wali wake na samaki mkavu. Mama alikuwa kisiwani Guimaras, boti ya dakika kumi na tano tu. Lourdelyn hakuwa amevuka kwa miezi minane sasa.

"Huyo mama au dalali wa mnada?" Dodong wa meza ya pili alimchokoza.

Wiki hizi Lourdelyn hakucheka. Mama, aliyemwita Inday tangu utotoni, alikuwa akijiuliza na kujijibu. "Umekula, Inday? Haya, vizuri. Mvua huko? Pole, mwanangu." Jumbe kumi na tisa, zote hivyo hivyo. Akamwambia kaka yake, Nonito, kwamba akili ya mama imeanza kuruka. Nonito akaamua: Jumamosi atamchukua akaishi kwake, nyumba ifungwe, mbuzi wauzwe.

"Ila nitumie nisikie mwenyewe," akasema Ijumaa kwa simu. "Na usinitumie hiyo ya kukimbizwa. Mimi si mashine."

Lourdelyn akarudisha kasi ya kawaida, akazima mkato, akasikiliza kwanza.

"Umekula, Inday?"

Kimya. Jogoo akawika mbali. Mama akakohoa kidogo. Sekunde nane nzima.

"Haya, vizuri."

Kwao humuulizi mtu kama amekula kisha ukampita, unamngoja ajibu. Mama alikuwa na adabu hiyo hata mbele ya simu.

Akampigia Nonito. "Kaka, usiende kumchukua. Mwenye kasoro ni mimi."

"Hiyo nimeijua tangu utotoni. Mama je?"

"Mama mzima. Anatungoja tu."

Alipokata simu akaendelea kusikiliza.

"Utakuja lini?"

Hapa mama alingoja zaidi. Kiti cha mianzi kikatoa mlio, mbuzi mmoja akapita akilalamika. Lourdelyn akafungua mdomo, mkono kwenye kalenda ya mezani, akitafuta siku.

"Basi, sawa," mama akasema.