Sauti ya Silvanus Kwenye Wimbo wa Tano

Sikwenda kwa Bridget kusikiliza muziki. Nilikwenda kugombana, na maneno nilikuwa nimeyapanga tangu jikoni.

Hebu fikiria. Wiki nzima nalea wazee wa watu kule Fairfax, Jumamosi nataka kupumzika nyumbani kwangu Riverdale Park, huku Marekani, halafu jirani kajaza bendi kwenye gereji yake! Gitaa la umeme, ngoma, na ile filimbi ya Waskochi yenye mfuko wa ngozi, inalia kama mbuzi wa Krismasi. Na mimi nina mgonjwa ndani. Mume wangu Silvanus alipatwa na kiharusi mwezi wa pili. Mkono ulirudi, mguu ukarudi, maneno hayakurudi. Mwanamume aliyekuwa akinichosha kwa hadithi tangu chai ya asubuhi, miezi saba sasa alikuwa na neno moja tu: "basi". Njaa, basi. Maumivu, basi. Daktari aliniambia nisitegemee sana. Jamani, nilikuwa nammisi mtu ambaye nakaa naye meza moja.

Nikafika gerejini, mikono kiunoni. Bridget, mama wa makamo mwenye nywele nyekundu, alikuwa anazungusha kinanda fulani cha nyuzi kwa mkono, utadhani anashona kwa cherehani. Wenzake wanne walikuwa wanaimba Kilatini. Ndiyo muziki wao huo, roki ya zama za kati: wanachukua nyimbo za watawa wa miaka mia nane iliyopita, wanazitandikia ngoma na magitaa. Mimi siku ile hayo sikuyajua, wala sikutaka kuyajua. Nikafungua mdomo niwapashe.

Nyuma yangu mtu akaanza kuimba.

Silvanus! Alikuwa amenifuata na kandambili zake, kashika ukuta, anaimba nao ule wimbo wa Mama Maria. Alifundishwa wimbo huo seminari kule Songea, kabla mimi sijamtoa huko. Ndiyo, ni mimi niliyemtoa, na maswali sitaki. Kilatini chote kilitoka, neno kwa neno, bila kukwama. Mpiga ngoma aliacha kupiga. Nilikaa juu ya sanduku la spana.

"Silva! Niite jina langu!"

Akajaribu. Akakunja uso mpaka jasho likamtoka. "Basi," akasema.

Nililia kwa hasira. Ati Mungu umrudishie mtu Kilatini, umnyime Kiswahili cha kuombea maji! Niliungama baadaye, lakini nilisema.

Dada anayemfanyisha mazoezi ya kuongea akanieleza kwamba kuimba na kuongea havikai mahali pamoja kichwani. Nimwimbie mambo ya kila siku, huenda akajibu. Nikajaribu kwa nyimbo za chekechea. Silvanus alinitazama kwa dharau, nikaacha.

Bridget yeye hakuacha. Kila Jumamosi alivuka barabara kuja kumchukua. Walikuwa wanarekodi albamu, na wimbo wa tano wakampa yeye. Wakiharakisha, Silvanus anainua kidole, wote wanarudi mwanzo kama watoto wa komunyo. Bridget akamwomba aanze peke yake, kwa ile sauti ya padre altareni, maneno mengi kwenye noti moja, mwishoni inapanda kidogo halafu inashuka. Ngoma zimsubiri. Aliifanyia mazoezi sebuleni, bafuni, kitandani, mpaka nikamtishia kulala kwa mtoto wetu Leonard.

Mwezi wa kumi na moja albamu ikatoka. Jumapili baada ya Misa tukaiweka. Wimbo wa tano ukaanza: sauti ya mume wangu, pekee, imetulia. Kisha ngoma zikaingia, filimbi ikafuata, gitaa likakoroma, naye yuko juu yao wote. Mimi niliyekwenda kuwazima ndiye niliyesema, "Rudisha tena!"

Nikaenda jikoni kujifuta machozi, nikarudi na chai. Silvanus akaonja. Akaweka kikombe chini, akafumba macho, akavuta pumzi.

"Mama Leonaaard," akaimba, kwa sauti ile ile ya padre, "chai hii haina sukaaari."

Weee! Miezi tisa nasubiri sentensi moja, na ilipokuja ilikuwa malalamiko! Nilicheka huku nalia, sijui kipi kilitangulia. Mungu si Athumani. Asante Bwana, asante Bridget na kelele zake zote, Mungu awaongezee na nyingine.

Sasa, sukari daktari amempigia marufuku, na mlinzi wa kopo la sukari nyumba hii ni mimi, sina huruma. Nikajikaza, nikaitikia kama waumini:

"Daktari amekataaaza."

Akafungua jicho moja.

"Kijiko kimoja tuuu."

Nikamtilia vitatu.