Haki ya Pacha Kutojua

Jina la Dodosa alipewa na mama yake, maana tangu utotoni hakuacha jambo lipite bila kulihoji. Alikuwa fundi cherehani. Pacha wake, aliyezaliwa dakika chache baada yake na kuitwa Kimya, alikuwa fundi saa. Walipanga chumba kimoja cha kazi, meza mbili chini ya dirisha moja, kwa kuwa kazi zote mbili zinataka mwanga.

Mama yao alianza kupoteza macho alipokaribia miaka hamsini. Mama yao mkubwa naye vilevile. Wao wenyewe sasa walikuwa wamevuka arobaini.

Kwa hiyo Dodosa aliposikia kwamba mtafiti mmoja wa hospitali anasoma vinasaba vya familia zenye ugonjwa ule, aliacha gauni la watu mezani akaenda.

"Majibu nitapewa?" aliuliza kabla hajakaa.

"Ukiyataka," mtafiti alisema. "Una ndugu?"

"Pacha. Tumefanana mpaka daktari wa meno aliwahi kutaka kuning'oa jino lake."

Mtafiti alicheka, kisha akaweka kalamu chini. Alimweleza kwamba pacha wa namna hiyo wametoka yai moja, na vinasaba vyao ni vilevile. Kumsoma mmoja ni kumsoma na mwenzake. Na mwongozo wa kimataifa wanaoufuata watafiti unasema kila mtu ana haki ya kujua kilichomo mwilini mwake, na ana haki pia ya kutojua.

"Na haki hizo mbili zikikutana katika damu moja?" Dodosa aliuliza.

"Nilikuwa kwenye mkutano wa nchi nyingi wa kuupitia mwongozo huo. Tulibishana kutwa nzima kuhusu damu kupelekwa ng'ambo, nani ana mamlaka nayo. Suala la pacha liliguswa dakika chache kabla ya chakula."

"Mkasemaje?"

"Kwamba ni gumu."

Kimya alipoelezwa, hakuinua hata kichwa. "Sitaki."

"Hata kidogo?"

"Saa inayokwenda siifungui, dada. Na wewe chungu hakiivi kwa jinsi unavyokifunua funua."

Mtafiti akalipeleka suala hilo kwa kamati ya maadili ya hospitali, nayo ikawaita wote wawili. Mwenyekiti alikuwa mwanasheria mstaafu, mama mwenye sauti ya chini. Daktari mmoja alisema damu ni ya Dodosa, asizuiwe. Mwingine akasema watu wanaoshinda chumba kimoja hawafichani. Siku ya majibu Kimya atayasoma usoni kwa pacha wake.

Mwenyekiti alimgeukia Kimya. "Mwanangu, unaogopa upofu?"

"Hapana, mama. Mama yetu haoni na bado anatugombeza kwa kuacha viatu mlangoni. Naogopa kuanza kuhesabu. Nikijua, kila nikishika saa nitajiuliza zimebaki ngapi."

Dodosa alimtazama. Siku zote alidhani ni ukaidi tu.

"Na wewe, kwa nini unataka?" mwenyekiti alimuuliza Dodosa.

"Nataka kujizoeza kushona kwa vidole mapema, wakati macho bado yapo ya kunisahihisha."

Sasa Kimya ndiye aliyegeuka. Hilo hakuwahi kuambiwa.

Kamati iliamua damu ipokelewe, lakini majibu yasitolewe mpaka pacha wote wawili wawe wameonana na mshauri na kukubaliana. Mtafiti naye akatakiwa kuipeleka kesi hiyo kwenye mkutano ujao, ili wanaoandika mwongozo waikunie vichwa.

Ajabu ni kwamba kuanzia hapo maswali yakahamia kwa Kimya. Aliomba kuonyeshwa maabara. Alisimama mbele ya friji kubwa, akauliza, "Damu ikiwa hapa nami nikabadili mawazo?"

"Inaharibiwa," mtafiti alijibu. "Lakini tukishaisoma, tulichokijua hakifutiki."

"Kumbe hata nyinyi hamna njia ya kurudi."

"Hatuna. Ndiyo maana tunauliza kwanza."

Jibu hilo lilimkaa Kimya kwa majuma kadhaa. Hatimaye, wote wawili wakiwa wameshaonana na mshauri, alisema wakila, "Nenda kachukue majibu. Nitakusindikiza, ila siingii."

Alimsubiri kwenye benchi la ukumbini. Dodosa alipotoka, uso wake ulikuwa wa kawaida mno, kama wa mtu aliyeufanyia mazoezi. Alisema uzi mweusi umekwisha, wapitie dukani. Wakatembea. Dukani Dodosa aligusa vitambaa kwa muda mrefu, lakini ndivyo alivyofanya siku zote, na Kimya hakupata cha kushika.

Njiani Kimya akasema, "Nikikuuliza mwakani, utaniambia?"

"Nitakuambia."

"Na nisipouliza kabisa?"

"Kwangu hutasikia."

Kimya aliitika kwa kichwa. Walipofika kwenye kona ya mtaa wao alisimama, akafungua mdomo, kisha akaufunga, akacheka mwenyewe. Lilikuwa swali la kwanza maishani mwake lililomwasha ulimi, na Dodosa, aliyejua vizuri maumivu hayo, alimshika mkono wakavuka barabara.